Fremu ya alumini ikipasuka, usizibe ufa



Msimu huu kuna swali linanifuata karibu kila kijiji ninachopita: "Bwana shamba, fremu ya baiskeli yangu imepasuka. Nikachomelee au nitafute nyingine?" Wanaouliza ni vijana wanaopeleka maziwa kituoni, wanaosambaza mayai madukani, wanaoshusha nyanya na karoti mpaka barabara ya lami. Kwao baiskeli ni mtambo wa kazi kama ilivyo pampu ya kumwagilia. Ikilala, na biashara inalala.

Msimamo wangu ni huu. Kama fremu ni ya chuma, chomelea. Kama ni ya alumini na baiskeli inabeba mzigo, ibadilishe. Najua wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye fremu ya alumini methali hiyo itakuponza, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza jua una fremu gani

Baadhi ya baiskeli za mtumba zinazoingia kutoka Japani na Ulaya zina fremu za alumini. Zile za zamani tulizozizoea, kama Phoenix, ni za chuma. Usiamini rangi wala wepesi. Chukua sumaku ya spika mbovu ya redio, ibandike kwenye bomba la fremu. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, karibu kila mara ni alumini. Na ukitazama, mabomba ya alumini mara nyingi ni manene kuliko ya chuma, na viungo vyake vina matuta ya kuchomelea yanayoonekana wazi.

Pili, hakikisha ni ufa kweli na siyo mkwaruzo wa rangi. Safisha sehemu hiyo vizuri, ikauke. Pakaa mafuta ya taa, subiri dakika kama kumi, halafu futa mpaka pawe pakavu kabisa. Kisha paka unga wa chaki nyeupe juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Mkwaruzo hauchori kitu. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi mia tano.

Angalia zaidi sehemu nne: bomba la chini pale linapokutana na shingo ya usukani, sehemu inapopita ekseli ya pedeli, juu ya bomba la kiti, na mabomba membamba ya nyuma yanayoshika gurudumu.

Kwa nini chuma kinasamehe na alumini haisamehi

Kila unapopita kwenye shimo, fremu inapinda kidogo sana halafu inarudi. Chuma kina kiwango fulani cha nguvu ambacho chini yake unaweza kukipinda mara nyingi mno bila kukichosha. Alumini haina kiwango cha namna hiyo. Kila mtikisiko, hata mdogo, unaongezeka kwenye deni, na siku deni likijaa ufa unatokea. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanafanya mabomba yawe manene ili yapinde kidogo. Lakini baiskeli nyingi kati ya hizi zilibuniwa kubeba mtu mmoja na begi lake. Hazikubuniwa kubeba madumu mawili ya lita 20, yaani zaidi ya kilo 40 za maziwa, kila asubuhi kwenye njia za Rungwe au Lushoto.

Kwa hiyo ufa unaouona ni dalili. Ukiuziba hapo, sehemu ya jirani iliyotikiswa miaka ile ile na mzigo ule ule bado imechoka vile vile.

Halafu kuna suala la moto. Fundi wa kijijini anachomelea kwa vijiti vya chuma, na hivyo havishiki alumini. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 660, na haibadiliki rangi kuwa nyekundu kukuonya kama chuma. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya kutu nyeupe ambayo haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2,000. Fundi asiye na mashine yake atatoboa bomba kabla hajaunganisha chochote.

"Lakini mjini yupo fundi wa gesi ya agoni"

Wengi mnanijibu hivyo, na ni kweli wapo. Wanaziba rejeta za magari na wanaunga alumini vizuri tu. Sina ugomvi na kazi ya mikono yao. Tatizo linabaki kwenye madini yenyewe.

Fremu nyingi za alumini zimetengenezwa kwa mchanganyiko unaoitwa 6061. Ugumu wake hautokani na madini peke yake, unatokana na kupashwa joto kiwandani: fremu nzima inaingizwa kwenye tanuri la nyuzi kama 530, inapozwa ghafla, halafu inapashwa tena kwa saa nyingi kwenye joto dogo, nyuzi 170 hivi. Fundi anapochomelea, anafuta kazi yote hiyo kwenye eneo la kiungo. Sehemu inayozunguka mshono inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kuirudisha kunahitaji tanuri la kuingia fremu nzima. Sijaona karakana ya mtaani yenye tanuri hilo.

Upo mchanganyiko mwingine, 7005, ambao hurudisha sehemu ya nguvu zake wenyewe ukikaa wiki kadhaa bila kuguswa. Mara nyingine namba imeandikwa kwenye stika ya fremu. Hata kama ni huo, deni la uchovu liko pale pale.

Na tafadhali, mambo ya kufunga ufa kwa waya, mpira wa tairi la ndani au gundi ya epoksi, acheni. Kinachofanyika hapo ni kuuficha ufa usiuone unavyokua. Bomba la chini likikatika ukiwa kwenye mteremko, usukani na gurudumu la mbele vinakwenda njia yao na wewe unakwenda yako, mzigo ukiwa nyuma yako. Hiyo siyo hasara ya maziwa tena.

Tupige hesabu kibiashara

Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Tuseme fundi wa agoni anataka shilingi 30,000. Fremu ya chuma ya mtumba pamoja na kuhamishia vifaa ni 90,000. Ukiangalia haraka, umeokoa 60,000.

Sasa tuseme mshono umeshika mwezi mmoja, ukakatika asubuhi na lita 40 za maziwa. Kwa shilingi 1,000 kwa lita, umepoteza 40,000. Siku tatu unakodi bodaboda kwa 5,000, hiyo ni 15,000. Na fremu bado utainunua, 90,000. Ukijumlisha na ile 30,000 ya fundi, umetoa 175,000 badala ya 90,000. Hapo sijaweka matibabu, wala mteja aliyekusubiri na mayai yake hayakufika.

Swali la mfanyabiashara ni "kipi kitanifikisha kila siku?" Bei ya leo peke yake haikujibu hilo.

Ukibadilisha, usinunue kwa pupa

Vifaa vyako vingi bado ni vizima, usivitupe. Lakini kabla ya kulipia fremu, nenda na gurudumu lako na nguzo ya kiti mkononi. Baiskeli nyingi za milimani zina magurudumu ya inchi 26, na Phoenix ya kawaida ni inchi 28. Nguzo za kiti zina vipenyo tofauti, na tofauti ya milimita moja inatosha kukukwamisha. Angalia pia kama fremu ina mahali pa kufunga breki za aina yako, na kama ekseli ya pedeli inaingia. Vikigoma vyote, huenda baiskeli nzima ya chuma ikawa nafuu kuliko fremu tupu.

Ile fremu mbovu ikate vipande viwili kabla ya kuwauzia wa chuma chakavu, mtu asije akaichomelea na kumuuzia kijana mwenzako. Usitegemee pesa nyingi. Fremu yenyewe haizidi kilo chache.

Wakati gani nakubali kutengeneza

Fremu ya chuma, nimeshasema. Fundi mzuri aweke kipande cha kuimarisha juu ya ufa na kazi iendelee. Kwenye alumini nakubali kama kilichovunjika ni keria, au kile kisikio kidogo kinachoshika keria, na ufa haujaingia kwenye bomba. Hapo funga keria kwa klampu inayolizunguka bomba, weka mpira katikati isikwaruze. Tena keria nzito ya chuma ishike karibu na ekseli ya nyuma, mzigo ushukie kwenye gurudumu.

Na kama fremu yako ya alumini bado nzima, itumie kwenda mjini au kubeba vitu vyepesi. Usipandishe nguzo ya kiti kupita alama iliyochorwa, maana hapo ndipo bomba la kiti linapasukia. Ipime kwa chaki na mafuta ya taa kila mwezi.

Mwisho, anza leo kutenga shilingi 300 kila safari ya mzigo. Baada ya safari 300 una 90,000, na siku fremu ikifika mwisho wake hutalazimika kumsikiliza mtu anayekuambia "nitakuzibia tu, itashika". Pampu yako unaiwekea akiba ya matengenezo. Baiskeli inayoingiza hela kila asubuhi nayo inastahili hivyo hivyo.

Kazi njema, na mfike salama.