Mbio zipo Garissa, kinachokosekana ni mwalimu mwenye saa mkononi

TANGAZO la kuandikisha makurutu wa jeshi likitoka tu, Garissa hubadilika. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, utawaona vijana kwenye barabara ya Modika, wengine upande wa daraja kuelekea Madogo, wakikimbia kwa makundi. Huyu amevaa raba za shule, yule sandali, mwingine yuko miguu mitupu na viatu amevishika mkononi visije vikaisha kabla ya siku yenyewe. Siku ya uandikishaji inafika, wanakimbizwa, wachache wanachukuliwa. Kesho yake barabara inarudi kuwa ya punda, bajaji na malori ya Mandera.

Sasa hebu tujiulize: wale walioachwa, nani aliwapima muda? Huenda kati yao kulikuwa na kijana aliyeachwa kwa sababu ya meno au urefu, lakini miguu yake ingeweza kumfikisha mbali kuliko kambi yoyote ya jeshi. Hatutajua. Alirudi Bulla Iftin, akapanda boda boda ya kukodi, na maisha yakaendelea.

Ukiuliza kwa nini Kaskazini Mashariki haisikiki katika mbio za masafa marefu, utapewa jibu moja kila mahali, kuanzia kwa kinyozi hadi kwa mheshimiwa: "Hiyo ni mambo ya Wakalenjin. Sisi ni watu wa mpira." Jibu hilo limezoeleka hadi vijana wenyewe wanalisema bila kufikiri.

Turudi Agosti 8, 2021, mjini Sapporo, Japani. Marathon ya Olimpiki. Joto lilikuwa kali na wakimbiaji 30 kati ya 106 hawakumaliza. Eliud Kipchoge alikuwa ameshatoroka peke yake mbele. Nyuma yake, mita za mwisho, watu watatu walikuwa wakigombania medali mbili: Lawrence Cherono wa Kenya, Abdi Nageeye wa Uholanzi na Bashir Abdi wa Ubelgiji. Nageeye akawa anageuka nyuma, anampungia Bashir mkono, anamhimiza: njoo, njoo. Nageeye akachukua fedha, Bashir akachukua shaba, na Cherono wetu akabaki wa nne, sekunde mbili tu nyuma ya Bashir.

Hao wawili wote walizaliwa Mogadishu. Walikwenda Ulaya wakiwa watoto, vita vikiwa nyuma yao. Na si ati ilikuwa bahati ya siku moja. Paris mwaka 2024 Bashir alipata fedha, mbele ya Benson Kipruto wa Kenya. Novemba mwaka huohuo Nageeye alishinda New York, Evans Chebet akiwa wa pili. Kabla yao kulikuwa na Mo Farah, aliyeshinda mita 5,000 na mita 10,000 London 2012, kisha akarudia zote mbili Rio 2016. Na kabla ya Farah kulikuwa na Abdi Bile, aliyeipa Somalia dhahabu ya dunia ya mita 1,500 jijini Roma mwaka 1987.

Hatutaki kusema kwamba Wasomali wana damu ya mbio. Hiyo hadithi ya damu imewachosha hata Wakalenjin wenyewe. Tunachosema ni kwamba mtoto wa lugha ile ile, mwenye mguu mrefu ule ule unaouona soko la mifugo la Garissa, akiwekwa Ghent au London anakuwa bingwa, na akiwekwa hapa anakuwa mtu wa mpira. Basi tofauti haiko kwenye mguu.

Watu wa sayansi watatuambia ni mwinuko. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, Garissa haifiki hata mita 200. Kule juu hewa ni nyepesi, mwili unalazimika kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu, na ukishuka chini unapaa. Ni kweli, hatubishi. Lakini hebu tutazame Roma 1987 tena. Marathon ya mashindano yale ilishindwa na Douglas Wakiihuri, Mkenya aliyezaliwa Mombasa na kwenda kufundishwa Japani. Wa pili alikuwa Ahmed Salah wa Djibouti, mji wa pwani wenye joto ambalo hata mtu wa Garissa angelalamika. Mwaka uliofuata kwenye Olimpiki ya Seoul, wawili hao walipanda tena jukwaani, fedha na shaba. Na Patrick Makau, aliyeweka rekodi ya dunia ya 2:03:38 jijini Berlin mwaka 2011, ni wa Ukambani, jirani zetu ambao basi la Nairobi hupita kwao kila siku.

Tena joto lenyewe ni mwalimu. Mwili uliozoea kukimbia kwenye joto huanza kutoa jasho mapema na sehemu ya maji ya damu huongezeka, hivyo moyo hauhangaiki sana. Waliotazama marathon ya wanawake ya Doha mwaka 2019 wanakumbuka. Ilianza usiku wa manane kwa sababu ya joto, na bado wanawake 28 kati ya 68 walishindwa kumaliza. Dunia inazidi kuwa na joto na mashindano makubwa yanazidi kupelekwa mahali pa joto. Kijana wa Garissa anaishi ndani ya mazoezi ambayo wenzake Ulaya wanayalipia kwenye vyumba vya kupasha mwili moto.

Bila shaka akitaka kufika kileleni, siku moja itabidi apande milimani. Nageeye alikuja Kaptagat kufanya mazoezi. Farah alikuwa akipiga kambi Iten. Walipanda ndege kutoka Ulaya, wakaomba viza, wakaja nchini mwetu. Sisi Iten tunafika kwa basi. Hili linauma kidogo, tukisema ukweli.

Kwa hivyo shida ni gani? Sisi tunaona ni mwalimu.

Mwaka 1976 alikuja Iten mtawa Mkatoliki kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alikaa, akatazama, akajifunza, akawa na daftari la nani anakimbia kwa muda gani. Shule ile ikatoa Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji mwaka 1992. Baadaye David Rudisha naye alipitia mikononi mwake. Riadha ya Kenya imejengwa na walimu wa shule waliokaa mahali pamoja miaka mingi.

Na hapo ndipo Kaskazini Mashariki ilipovunjika mguu. Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa, watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo hili. Hatuwalaumu waliokwenda. Nani angebaki? Lakini walipoondoka hawakuondoka na hisabati na kemia peke yake. Aliondoka pia yule mwalimu aliyekuwa akipuliza kipenga saa kumi jioni. Shule yenye walimu watano kwa madarasa manane haiwezi kufikiria mbio za nyika.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Nairobi hawezi kulielewa haraka, nalo ni karatasi. Mwanariadha ni miguu, lakini pia ni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasipoti. Bila cheti huwezi kuthibitisha umri kwenye mashindano ya chipukizi. Bila kitambulisho huandikwi na polisi wala jeshi, na hao ndio waajiri wakubwa wa wakimbiaji nchini. Bila pasipoti, mwaliko wa mbio za nje ni karatasi ya kufungia sukari. Kwa miaka mingi kijana wa huku akifikisha miaka 18 alikuwa akipitishwa mbele ya jopo la msasa kuulizwa babu yake alizikwa wapi. Februari 2025 akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini agizo la kuondoa msasa huo. Ni hatua, tunaikubali. Lakini kuna maelfu ya Wakenya waliosajiliwa kama wakimbizi wakiwa watoto, wazazi wao wakitafuta chakula cha msaada Dadaab wakati wa ukame, na alama zao za vidole zimewafuata hadi leo. Wengine wao wana miguu mizuri. Miaka ya kukimbia ni michache. Mtu akizungushwa ofisini kuanzia 18 hadi 25, ameibiwa kitu ambacho hakuna ofisi itamrudishia.

Na Dadaab yenyewe je? Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi ilikwenda Olimpiki ya Rio ikiwa na wanamichezo kumi. Watano walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma na kufanya mazoezi Ngong chini ya Tegla Loroupe. Kakuma iliweza kwa sababu mtu alikwenda pale, akapanga mbio, akaandika nani kashika nafasi gani. Ifo, Dagahaley na Hagadera kuna vijana waliozaliwa humo na kukulia humo. Vumbi lao si tofauti na la Turkana.

Sasa wasichana. Hapa tutaongea polepole kwa sababu ni jambo la nyumbani. Wazazi wengi hawakatai mbio. Wanakataa binti yao kukimbia barabarani akitazamwa na kila mwenye bajaji. Hilo si jambo la kudharau. Dawa yake ni uwanja wenye ua, saa maalumu za wasichana, na mwalimu wa kike. Kuhusu mavazi, Sifan Hassan alipovishwa dhahabu ya marathon Paris 2024, alisimama jukwaani na hijabu yake, na hakuna aliyemvua medali. Kukimbia na leggings ndefu na kitambaa kichwani hakukatazwi na sheria za riadha za dunia. Binti wa NEP Girls akiambiwa hivyo na mama yake akasikia, mazungumzo yanabadilika.

Nanyi ndugu zetu wa kiume, tuna neno moja juu ya miraa. Tunajua Ijumaa jioni inavyokuwa. Lakini ndani ya miraa kuna kathini, ambayo ikizidi kiwango fulani kwenye mkojo siku ya mashindano inahesabiwa kuwa dawa iliyopigwa marufuku. Sijui kama kuna njia ya kijinga zaidi ya kupoteza taaluma kuliko kutafuna usiku na kupimwa asubuhi. Na hata usipopimwa, usingizi umeukosa na chakula hukukigusa. Mwili hauna cha kukimbilia.

Pia tusidanganyane. Iten kuna mamia ya watu wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kila siku na hawajawahi kupata hata zawadi ya mbio za mtaa. Anayekwambia uache shule ukimbie anakupoteza. Abdi Bile alikimbia akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani, na mbio ndizo zilizomsomesha. Vyuo vya huko bado vinatafuta wakimbiaji, lakini vinataka kuona alama zako za mtihani na muda wako ulioandikwa. Muda wa mdomo, "mimi niko fast sana wallahi," hausaidii.

Viongozi wetu wakisikia neno michezo wanafikiria uwanja wa mamilioni, jiwe la msingi na picha. Uwanja si mbaya. Lakini mkimbiaji wa masafa marefu hahitaji jukwaa la watu mashuhuri. Tungeomba kaunti zote tatu, Garissa, Wajir na Mandera, zitenge kidogo kwenye bajeti ya michezo kwa mambo madogo yasiyopigwa picha: kuwalipia walimu wenyeji, wale ambao hawatahama, mafunzo ya ukocha, basi la kuwapeleka vijana kwenye mbio za mchujo badala ya kuambiwa pesa zimekwisha siku mbili kabla, na nafasi za vijana wachache kukaa miezi mitatu milimani kila mwaka, wakiwa na mlezi na mahali pa kuswali.

Hata kabla ya bajeti kuna la kufanya. Uwanja wa murram nyuma ya shule unapimwa kwa kamba na kuchorwa kwa majivu au chokaa, mzunguko mita 400. Kila mwalimu ana saa ndani ya simu yake. Jua likishaanza kupoa, Jumamosi saa kumi na moja jioni, au baada ya tarawehe ukiwa mwezi wa Ramadhani na uwanja una taa, waite vijana wakimbie mizunguko kumi na mbili na nusu. Hizo ni mita 5,000. Andika jina, tarehe na muda kwenye daftari. Jumamosi ijayo, andika tena.