Rudisheni Kamera Kitini
Vijana wanaocheza michezo ya kompyuta ya kuendesha treni hupenda kusogeza kamera mbele hadi igote kiooni, waone reli tupu. Nawasihi wairudishe nyuma, usawa wa macho ya dereva aliyeketi, hata kama dashibodi na nguzo ya dirisha vitameza nusu ya mandhari. Kazi yenyewe ndiyo hiyo: macho njiani, kisha geji ya breki, kisha njiani tena. Kichwa cha dizeli kikitanguliza boneti ndefu, upande mmoja hauonekani kabisa. Msaidizi ndiye humtazamia mwenzake. Natamani mtu atutengenezee mchezo wa njia ya reli ya Tabora, Tanzania, kwa uaminifu huo. Reli ya mita moja ilifika pale mwaka 1912, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, ambako wapagazi wa Kinyamwezi walitembea nyuma ya kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, miombo imewabana kulia na kushoto. Sasa reli mpya ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, inajengwa kuelekea huko. Basi kazi ya kutengeneza mchezo huo ianze mapema, madereva wazee wa reli ya zamani wangalipo watuelekeze honi hupigwa wapi na ng'ombe huvukia wapi.