Jasho Nalo Lihesabiwe

Msaada ni jambo jema, na mwenye shida akiukataa kwa kiburi tu hujidhuru mwenyewe. Lakini msaada usio na hesabu huzaa manung'uniko, manung'uniko huzaa chuki, na penye chuki hakuna kazi ya pamoja inayosimama. Wazee walisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wakazi wa Mtoni, na wa Temeke yote kwa jumla, wanalifahamu vyema, ingawa halizungumzwi sana hadharani. Nalo ni hesabu ya mali inayoletwa na mashirika ya hisani ya ng'ambo kwa ajili ya wananchi wanaojitolea.

Kwa desturi hesabu hiyo husomwa upande mmoja tu. Shirika huandika taarifa, hupiga picha, na kuzipeleka Ulaya au Marekani kwa wale waliotoa fedha. Hatuwalaumu kwa hilo. Mwenye kutoa shilingi yake ana haki ya kujua imekwenda wapi. Lakini twauliza: yule aliyetoa jasho lake Mtoni, je, yeye hakutoa kitu? Nani amsomee yeye hesabu?

Tufanye mfano. Tuseme mtaa mmoja umepewa saruji na mabomba ya kujengea mtaro wa maji ya mvua uteremkao bonde la Mto Kizinga, na vifaa hivyo vimegharimu Shs. 6,000,000. Watu 40 wanatoka na majembe kila Jumamosi kwa muda wa majuma 10. Hizo ni siku za kazi 400. Kama kibarua angelipwa Shs. 10,000 kwa siku, kazi yao ingekuwa na thamani ya Shs. 4,000,000. Fedha hizo hazikutoka katika benki yoyote ya London. Zimetoka mabegani mwa wachukuzi, mafundi, mama ntilie na vijana wasio na ajira. Basi watu hawa si wapokeaji wa sadaka. Wao wametoa sehemu nne kati ya kumi za mtaro ule. Mbia mwenye sehemu nne kati ya kumi haombi kuoneshwa daftari kwa huruma. Huoneshwa kwa haki.

Wako watakaosema kuwa haya ni maneno matupu, kwamba wananchi wa hali ya chini hawawezi kutunza hesabu. Hao tunawaelekeza kwa majirani zetu. Wakati maelfu ya wakazi wa Kurasini walipotakiwa kuhama ili bandari ipanuliwe, katika miaka ya 2007 na 2008, wenye nyumba walifikiriwa fidia, lakini wapangaji hawakuwa na chao. Baadhi yao walikuwa katika shirikisho la vikundi vya kuweka akiba, likisaidiwa na shirika la Centre for Community Initiatives lililoanzishwa mwaka 2004. Watu hao, na wengi wao ni wanawake, walikusanya akiba senti kwa senti, wakanunua ekari 30 huko Chamazi, wakajifunza kufyatua matofali na kujenga. Fedha za kutoka ng'ambo zilikuja nazo, kupitia mtandao wa Slum Dwellers International, lakini zilikuja juu ya msingi uliokwisha wekwa na wananchi wenyewe. Safari yao haikukosa taabu: Chamazi ni mbali na mjini, na kurudisha mkopo kwa mtu asiye na mshahara si jambo rahisi. Hata hivyo twajifunza jambo kubwa. Katika vikundi vile kila aliyeweka akiba ana daftari lake, na mweka hazina ni jirani anayejulikana mlango wake. Imani haikuletwa na hotuba; ililetwa na daftari lililofunguliwa mbele ya watu.

Sasa tutazame kinyume chake, wakati uamuzi unapofanywa mbali na wenye kazi. Huko Chang'ombe, mwaka 1992, kikundi kidogo cha watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI kilianza kusaidiana, na kutokana na kikundi hicho likakua shirika la PASADA chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam. Nguvu yake kubwa imekuwa watu wa kujitolea, ambao huingia katika nyumba za wagonjwa bila kuhofu wala kunyanyapaa. Watu wa namna hiyo wamo katika mitaa yetu mingi, katika mashirika mbalimbali. Kisha, tarehe 20 Januari 2025, Rais wa Marekani akaamuru misaada ya nchi yake kwa nchi za nje isimamishwe kwa siku 90. Na ilipofika tarehe 1 Julai 2025, shirika la USAID lenyewe likawa limefungwa. Fedha za serikali ile zilikuwa zikipitia katika mashirika mengi ya hisani, nazo zilipokatika, kazi nyingi zilisimama ghafula duniani kote.

Hatusemi ya kuwa Marekani imefungwa kutupa mali yake milele. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Azimio la Arusha lilitukumbusha tangu mwaka 1967 kuwa fedha za wageni haziwezi kuwa msingi wa maendeleo yetu. Tunachosema ni hiki: mtu aliyekwisha kukupa miaka ya maisha yake bila mshahara ana haki ya kupewa ilani kabla hujaondoka. Kuondoka kimya kimya ni kuvunja ahadi, hata kama ahadi hiyo haikuandikwa popote.

Na kuficha ni kubaya zaidi ya kuondoka. Mwezi wa Februari 2018, gazeti moja la Uingereza lilifichua maovu yaliyotendwa na baadhi ya wafanyakazi wa Oxfam huko Haiti mwaka 2011, baada ya tetemeko la ardhi. Maovu yenyewe yalikuwa ya watu wachache. Lakini kilichowachoma watu moyo ni kwamba wakubwa walijua, nao hawakusema yote. Katika siku chache wafadhili wapatao 7,000 waliokuwa wakitoa fedha kila mara wakaacha kutoa. Imani iliyojengwa tangu mwaka 1942 ilitikiswa kwa muda wa juma moja. Na tukumbuke kuwa mtu wa Haiti aliyedhulumiwa hakuwa na mahali pa kupeleka shauri lake. Habari ilifika kwake ikiwa imezunguka kwanza London.

Lakini haifai kuwanyoshea kidole wageni peke yao. Wako miongoni mwetu wenye vikundi vya mfukoni, ambavyo wanachama wake ni mke, shemeji na muhuri. Wako viongozi wa mtaa wanaodai chao kabla hawajaruhusu mfuko mmoja wa saruji kushushwa. Hao ni kupe, na kupe hana taifa.

Chama nacho kisijitoe katika somo hili. Mapema katika miaka ya 1960, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, karibu na Songea, na kutokana nacho kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Wanavijiji walilima pamoja, walikata mashauri yao katika mikutano yao wenyewe, na marafiki wa ng'ambo waliwaunga mkono. Mwezi wa Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Sababu zake zimebishaniwa tangu siku hizo, nasi hatutaki kufukua ugomvi wa wazee. Twataja jambo moja tu: uamuzi ulikatwa Dar es Salaam, si Litowa. Basi hata sisi, wenye nia njema ya kujenga ujamaa, tuliwahi kusahau kuwauliza wenye jasho. Anayewataka wageni wawe na adabu hiyo hana budi aanze nayo nyumbani.

Sheria zipo. Tunayo sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002, na kanuni za mwaka 2018 zilitaka shirika lililopata zaidi ya Shs. 20,000,000 litangaze fedha hizo zilikotoka na zilivyotumika. Ni vyema. Lakini hesabu inayopanda kwa Msajili yaweza kupita juu ya kichwa cha mwananchi wa Mtongani kama ndege. Tena sheria ya hesabu ni taa, si rungu. Ikitumiwa kuwatisha wanaosema kweli, wezi ndio watakaofurahi.

Kwa hiyo sisi twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila shirika linalofanya kazi na wenye kujitolea lisome mapato na matumizi yake katika mkutano mkuu wa mtaa, kwa Kiswahili, na karatasi ibandikwe ukutani. Pili, katika hesabu hiyo siku za kazi za wananchi ziandikwe kwa thamani yake, sambamba na fedha za wafadhili. Tatu, shirika litamke tangu siku ya kwanza litakaa muda gani, na litatoa ilani ya miezi mingapi kabla ya kuondoka.

Mashirika ya kweli hayatachukia haya, kwa sababu hesabu safi ndiyo ngao yao. Nanyi wanachama na wafanyakazi wa Mtoni, kazi hii ni yenu kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni. Daftari likisomwa, sikilizeni. Lisiposomwa, simameni mkaulize kwa heshima, bila woga. Aliyechimba mtaro asione haya kuuliza bei ya bomba.