Simba Wamejaa Mkebeni, Mama Mboga Yuko Wapi?

Toa ile chenji makanga amekurudishia leo, uiangalie vizuri. Bob moja ni twiga. Kobole ni kifaru. Ashu ni simba. Mbao ni ndovu. Geuza, upande wa pili ni nembo ya taifa.

Hizi sarafu nazijua mpaka kwa vidole. Nilipoacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, nilirudi kumsaidia mathe kwa kibanda chake cha mboga. Kila usiku tunamwaga mkebe mezani na kupanga: ashu kumi ni soo, mbao tano ni soo. Siku moja mathe akashika ya simba, akacheka. "Huyu nimemshika mara ngapi, na sijawahi kumwona." Na tunaishi Nairobi, mji wenye mbuga ya simba wa kweli.

Hilo neno limenikaa kichwani mpaka leo.

Kabla mseme nachukia wanyama, tukumbushane tumetoka wapi. Hizi sarafu zilizinduliwa Desemba 2018. Kabla ya hapo tulikuwa tunabeba sura za marais: Kenyatta, halafu Moi, halafu 2003 Kibaki akawekwa kwa ile ya shilingi 40, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Jasho lako, sura ya mkubwa. Katiba ya 2010 ndiyo ilikata hiyo stori. Kifungu cha 231 kinasema noti na sarafu zinaweza kuonyesha Kenya au kitu cha Kenya, lakini zisiwe na picha ya mtu yeyote. Ikachukua miaka minane hadi hiyo sheria ifike mfukoni, lakini ilifika, na mimi naipenda.

Na wanyama wana uzuri mmoja, lazima nikubali: hawana kabila. Hakuna msee ataamka aseme twiga ni wa kwao. Kwa hii nchi yetu, hicho si kitu kidogo.

Shida yangu ni hii. Twiga, kifaru, simba na ndovu ni Kenya ile tunamwonyesha mgeni. Na mgeni hatumii sarafu sana. Sarafu ni pesa yetu sisi: ya mandazi, ya choo cha stendi, ya mtoto aliyetumwa dukani akimbie arudi. Halafu muulize mkulima wa Taita Taveta kuhusu ndovu. Kwake si urembo, ni shamba la mahindi kuisha usiku mmoja.

Katiba imekataza sura ya mtu, haijakataza kazi ya mtu. Jembe si sura. Mkokoteni si sura. Beseni la sukuma wiki si sura. Noti za 2019 angalau zilijaribu, ile ya mia ina kilimo kwa upande wa nyuma. Mbona sarafu, pesa ya mwananchi wa chini kabisa, ndiyo haina hata kijiko chake?

Najua mtu atasema ukiweka kiondo, jamii fulani itauliza mbona si kitu chetu; ukiweka jahazi, bara watanuna. Sawa. Anza na jembe. Kuna kabila gani haijawahi kulishika?

Na kama unadhani nataka kitu kigeni, geuza tena hiyo sarafu. Kwa nembo kuna jogoo ameshika shoka. Kuna simba wawili na mikuki, na chini ya miguu yao kuna mlima na mazao ya nchi hii: kahawa, chai, mahindi, mkonge, pareto, nanasi. Kazi ya wazazi wetu iko hapo tangu uhuru, ila imefanywa ndogo sana, lazima usogeze jicho. Na simba wamesimama juu yake.

Siku sarafu zitachorwa upya, sitaki watoe wanyama wote. Watoe mmoja tu, wamwachie nafasi anayehesabu hizo sarafu usiku.

Wewe ungetoa yupi? Mimi nimeshasema yangu, sasa niende kufungua kibanda.