Ajali Ina Kinga

Treni ikipinduka au kugongana na nyingine, hakosekani wa kusema ajali haina kinga. Kama ni maneno ya kumliwaza mfiwa, sina ugomvi nayo. Kama ndiyo maelezo ya chanzo, historia ya reli inayakataa.

Chukua ajali ya Armagh, Ireland, ya tarehe 12 Juni 1889. Treni iliyowabeba watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao kwenda matembezini ilishindwa kupanda mlima. Wahudumu wakaikata vipande viwili ili kichwa kivute kwanza mabehewa ya mbele. Breki zake zilikuwa za vakyumu, za aina inayotegemea nguvu ya kichwa: ukitenganisha bomba, mabehewa ya nyuma hayana breki tena. Yakabaki yameshikiliwa na breki ya mkono ya behewa moja na mawe yaliyowekwa chini ya magurudumu. Kichwa kilipotaka kuondoka kilirudi nyuma kidogo, kikayagusa, yakaanza kuporomoka. Nyuma ya mabehewa hayo treni nyingine ilikuwa inapanda, kwa kuwa utaratibu wa njia ile ulikuwa kusubiri dakika kadhaa tu, si kuhakikisha kwamba iliyotangulia imefika. Walikufa watu 80.

Je, kinga haikuwapo? Mwanzoni mwa miaka ya 1870, George Westinghouse wa Marekani alishabuni breki ya hewa inayojikaza yenyewe bomba linapokatika. Wakaguzi wa serikali ya Uingereza walizihimiza kampuni za reli miaka nenda miaka rudi. Nyingi zikasita kwa ajili ya gharama. Haikupita miezi mitatu baada ya Armagh, Bunge likapitisha sheria: breki za kujikaza kwa treni za abiria, na treni moja tu katika kipande kimoja cha njia. Vifo vile havikumfundisha fundi yeyote jambo jipya. Viliwaaibisha tu wenye fedha.

Utaambiwa kwamba hayo ni ya kale, siku hizi watu hujifunza upesi. London, tarehe 5 Oktoba 1999, dereva aliipita taa nyekundu karibu na Ladbroke Grove, treni mbili zikagongana uso kwa uso, wakafa watu 31. Taa ile ile ilikuwa imeshapitwa ikiwa nyekundu mara nane katika miaka iliyotangulia. Maonyo nane yasiyo na maiti hayakutosha.

Na sisi je? Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikaigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281, miaka 113 baada ya Armagh.

Basi siku nyingine tume ya uchunguzi ikiundwa, waandishi wenzangu, tusiishie kuuliza dereva alikosea nini. Tuulize ni pendekezo gani lilikuwa limeshaandikwa, lilikuwa mezani kwa nani, na nani alikataa kulilipia.