JIKONI KWETU: Sombe ya Bonane haifundishwi kwa mdomo

Noeli na Bonane zinakaribia. Kwa hiyo mwezi huu tunaomba tuache kidogo mambo ya madaftari na mitihani, tuingie jikoni. Msiseme walimu wamepotea njia. Mtaona kwamba bado tunaongea juu ya masomo.

Bonane iliyopita, sisi walimu watatu wa kujitolea tulipata ruhusa ya kutoka kambini, tukashuka Bujumbura kusalimia jamaa zetu wanaokaa Kinama. Tulipokelewa na koko mmoja wa upande wa Fizi. Tarehe 31 asubuhi akatutuma sokoni pamoja na wajukuu zake wanne, wote wamezaliwa hapa Burundi. Alitaka majani machanga ya muhogo, karanga, mawese ya Rumonge, na mukeke wawili waliokaushwa kwa moshi. Hizo franga alikuwa amezikusanya kidogo kidogo tangu mwezi wa kumi.

Mjukuu mmoja, kijana wa miaka kumi na moja, aliposikia vile vitu akakunja uso. Akasema: "Koko, kesho ni sikukuu. Mbona sombe? Sombe ni ya siku mgao umeisha. Wenzetu watakula mchele na Fanta."

Koko hakukasirika. Alinyamaza tu. Baadaye akatugeukia sisi, siyo mtoto, akauliza: "Walimu, nani alimufundisha huyu kwamba sombe ni ya maskini?"

Hatukuwa na jibu. Ukweli ni kwamba tulimfundisha sisi sote. Huyu mtoto maisha yake yote ameona sombe ya aina moja: majani, maji na chumvi, inachemshwa haraka haraka kwa sababu makala ni ghali. Ile ya sikukuu hajawahi kuiona. Sasa atajuaje kwamba ipo?

Tuliporudi sokoni koko hakutoa hotuba. Alileta kinu, akawaita wajukuu wote, wasichana na wavulana, na sisi walimu pia. Kazi ilikwenda hivi.

Kwanza ni kuchagua. Majani machanga tu, yale ya juu, na vijiti vyote vinatolewa. Mtoto mdogo kabisa, wa miaka mitano, ndiye alipewa kazi hii, na koko alipitisha macho nyuma yake. Pili ni kutwanga. Siyo mara moja. Unatwanga, unageuza, unatwanga tena mpaka majani yanakuwa laini kama unga uliolowa. Katikati unatia kitunguu na pilipili. Sisi walimu tulishika mchi, na baada ya dakika tano mikono ikauma. Koko akacheka mpaka machozi: "Hawa ndio wanafundisha watoto wetu?"

Tatu ni kuchemsha bila kufunika sufuria. Hapo koko alikuwa mkali. Mjukuu mmoja aliweka kifuniko ili iive haraka, akakitoa mbio. "Acha ipumue!" Moto unakaa hivyo muda mrefu, saa nzima na zaidi, ukiongeza maji yanapopungua. Nne ndipo mawese yanaingia, halafu karanga zilizotwangwa, halafu mukeke aliyetolewa miiba. Mwisho ni moto mdogo, na kukoroga ili karanga zisishike chini.

Tulimuuliza: "Koko, tutajua vipi imeiva?" Akasema harufu ya majani mabichi inakwisha, na mafuta yanapanda juu yenyewe bila kuitwa. Hilo hatukulisoma kwenye daftari lolote.

Sasa tusimame hapa kidogo kwenye lile neno "acha ipumue". Wengine wanafikiri ni mila tu ya wazee. Hapana. Muhogo, majani yake na mizizi yake, una sumu ndani, na muhogo mchungu unayo nyingi zaidi. Ukitwanga, sumu inaachiliwa kutoka kwenye jani. Ukichemsha wazi, inaondoka na mvuke. Makoko wetu hawakusoma kemia, lakini kazi walijua. Ni vilevile kwa bugali wa muhogo mchungu: mizizi inalowekwa siku tatu au nne mpaka inalainika, ndipo inaanikwa na kutwangwa.

Huko kwetu Kongo kuna ugonjwa unaitwa konzo. Daktari mmoja jina lake Trolli aliuandika mwaka 1938, baada ya watu wengi kuugua katika eneo la Kwango. Neno hilo ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza, na haiponi tena. Unashika hasa watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Unakuja pale watu wanapokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, siku nyingi, bila samaki wala maharagi ya kusaidia mwili. Ni wakati gani watu wanafupisha kuloweka? Ni wakati wa njaa na wa vita, wakati wa haraka. Yaani ni wakati kama huu wetu. Kwa hiyo mama anayemfundisha mtoto kuloweka muhogo siku tatu hamfundishi mila tu. Anamlindia miguu.

Turudi kwenye sikukuu. Katika sisi walimu watatu, mmoja wetu hakula vizuri ile siku, na usiku akatuambia sababu. Mama yake alikuwa na samaki wake wa Noeli: mukeke mbichi amefungwa kwenye jani la mgomba pamoja na nyanya, kitunguu na mawese, anawekwa karibu na makala taratibu. Na ndani kulikuwa na kitu kichachu. Mama yake aliugua akafariki kambini, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kumuuliza kile kitu kilikuwa nini. Kila mwaka wanajaribu. Wamejaribu ndimu. Wamejaribu ngai-ngai. Wamejaribu nyanya ambazo hazijaiva. Kila mara wanakula, wanatazamana, na mkubwa wao anasema: "Siyo yenyewe."

Akasema: "Nilikuwa nakaa pale pale mlangoni nikisoma masomo yangu. Hatua tatu tu. Sikugeuka."

Ndugu wasomaji, sisi wengi tulifanya hivyo. Wazazi nao walitusaidia kufanya hivyo, kwa upendo. Walisema: "Wewe soma, acha jikoni, nitapika mwenyewe." Tukasoma. Leo tunajua kuandika jina la kila chakula, kupika hatujui.

Na siyo sisi Wakongomani peke yetu. Huko India, jimbo la Kerala, kuna sikukuu inaitwa Onam. Siku hiyo watu wanaandaa chakula bila nyama, vyakula vingi mara nyingine zaidi ya ishirini, vyote juu ya jani la mgomba. Watu wa Kerala wengi wanafanya kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba, na watoto wanakulia huko. Wazazi wengine wanapika pamoja na watoto wao. Wengine, kwa sababu ya kazi, wananunua chakula chote hotelini kikiwa tayari. Mtoto anakula, anashiba, na sikukuu imepita. Lakini ule mkono wa mama hauuzwi hotelini. Kama wao wenye mishahara wanaona tatizo hili, sisi je?

Hapa najua baba mmoja anasoma na kusema: "Ninyi walimu mnaongea mukeke na karanga, na mimi sijui kesho tutakula nini." Baba, tunakusikia. Mgao ukipungua, hakuna wa kuchezea makala. Hatusemi mtu akope deni kwa ajili ya sufuria. Tunasema hivi: siku ile moja utakayopika kitu cha sikukuu, hata kama ni sufuria ndogo ya kutosha kijiko kimoja kila mtu, usipike peke yako. Chakula kidogo kinafundisha sawa na kingi.

Basi tunaomba kila nyumba ijaribu mambo haya manne kabla ya Bonane.

Moja, kila mtoto apewe kazi yake. Wa miaka mitano mpaka saba achague majani au atoe mawe kwenye karanga. Wa nane mpaka kumi aoshe na atoe miiba ya samaki. Wa kumi na moja na kuendelea atwange. Moto na mafuta ya moto ni kwa wakubwa, mtoto asimame mbali kidogo aone.

Mbili, wavulana wasifukuzwe jikoni. Kijana wa leo kesho anaweza kujikuta peke yake mahali ambapo hakuna dada wala mama. Jamaa zetu waliopelekwa Marekani na Australia wanatupigia simu usiku wakiuliza: "Mama, ulikuwa unaanza na kitunguu au na mawese?" Majani yapo huko, ya barafu, yanauzwa katika maduka ya Waafrika. Kinachokosekana ni anayejua.

Tatu, tumieni wale waliofika karibuni. Mwezi wa pili 2025 makumi ya maelfu ya ndugu zetu walivuka mto Rusizi kuingia Burundi, na baadhi wakapelekwa Musenyi. Wamekuja mikono mitupu, lakini kati yao kuna wamama waliokuwa bado wanapikia harusi na sikukuu huko nyumbani. Tusiwaone kama watu wa kusaidiwa tu. Katika jambo hili wao ndio walimu.

Nne ni kazi ya shule. Kila mwanafunzi wetu aulize mkubwa mmoja, koko au mama au baba, maswali matatu juu ya chakula kimoja cha sikukuu: unaweka nini, unaanza na nini, na unajuaje kimeiva. Aandike jibu kama lilivyosemwa, kama ni "kiganja kimoja" aandike kiganja kimoja, kama ni Kibembe aandike Kibembe. Wanafunzi ambao wazazi wao hawapo tena waje kwetu, tutawapeleka kwa koko wa jirani. Hakuna atakayebaki bila wa kumuuliza.

Mtataka kujua yule kijana wa Fanta aliishia wapi. Ile Bonane asubuhi alivaa shati lake, akakaa kimya akala. Halafu koko akatoa sahani ya jirani, kama desturi yetu, akatafuta wa kuipeleka. Kijana akasimama mwenyewe. Tulimsikia mlangoni kwa jirani akisema: "Bonane! Hii nimetwanga mimi." Na Fanta alipata pia, chupa moja waligawana wanne. Koko alikuwa ameificha chini ya kitanda tangu juzi yake.

Tunawatakia maandalizi mema. Na wewe unayesoma mlangoni huku mama anapika, funga daftari kidogo, geuka, umuulize.

Sisi walimu wenu wa kujitolea.