Neno la Mhariri: Kiongozi na Siku ya Hesabu

Toleo hili tumelikabidhi lote kwa suala la uongozi wa vyama na wa sehemu za kazi, na sababu yake ni kwamba katika vitongoji hivi vya kaskazini-magharibi ya Stockholm, tangu Akalla na Husby hadi Rinkeby na Tensta, ambako watu waliotoka Tanzania, Kenya, Burundi, Kongo na mwambao wa Somalia wameunda vyama vya kusaidiana, vya dini, vya michezo na vya lugha, aghalabu chama huzaliwa kwa furaha, kikastawi kwa miaka michache, kisha kikadhoofu au kikapasuka, na ukiuliza chanzo utaambiwa ni kiongozi. Wako watakaosema kwamba alikuwa mkali mno, na wako watakaosema kwamba aliondoka na chama kikaondoka naye. Sisi twaona kwamba majibu haya mawili yanaeleza ugonjwa mmoja, na hoja yetu ni kuwa uongozi haupimwi kwa sifa za mtu aliyekalia kiti, bali kwa mwenendo wake siku anapotakiwa kutoka kitini na kutoa hesabu.

Wanazuoni wa taaluma hii walianza mbali na hapo. Thomas Carlyle, katika mihadhara aliyoitoa London mwaka 1840, aliiona tarikhi ya ulimwengu kuwa ni kazi ya mashujaa wachache, na kwa muda mrefu baada yake watafiti walihangaika kuorodhesha sifa za kuzaliwa nazo kiongozi, mpaka Ralph Stogdill alipozipitia tafiti hizo mwaka 1948 akabainisha kwamba sifa peke yake hazimfanyi mtu kiongozi, minghairi ya kutazama hali iliyopo na watu anaowaongoza. Ndipo macho yalipogeuzwa kutoka maumbile kwenda matendo: katika Chuo Kikuu cha Ohio State yalipambanuliwa mafungu mawili ya mwenendo, la kupanga kazi na la kuwajali watu, na hapa Uswidi Göran Ekvall na Jouko Arvonen wakaongeza mwaka 1991 fungu la tatu, la kuongoza mabadiliko. Walakini jaribio linalotugusa zaidi ni lile la Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White, lililochapishwa mwaka 1939, ambamo vikundi vya wavulana wa umri wa miaka 10 hivi, wakishughulika na kazi za mikono, waliwekwa chini ya viongozi wa namna mbalimbali. Kiongozi wa amri alipotoka chumbani, kazi ilisita. Kiongozi wa mashauri alipotoka, wavulana waliendelea kama kwamba yungalipo.

Natuutazame basi mkutano wa mwaka wa chama cha hapa Akalla, katika ukumbi wa kukodi karibu na Sibeliusgången, mwezi wa Machi, theluji ingali pembezoni mwa njia. Jambo la awali ni kumchagua mwenyekiti wa mkutano, na kwa desturi huchaguliwa mtu asiyekuwemo katika halmashauri. Mwenyekiti wa chama huinuka, akahamia kwenye viti vya wanachama, na nyundo ndogo ya mbao ikashikwa na mwingine. Huchaguliwa kadhalika watu wawili wa kuhakiki kumbukumbu na kuzitia saini. Mtunza hazina hulifungua jalada lake, risiti zimebandikwa kwenye karatasi na kutiwa nambari, hii ya basi la watoto, hii ya mchele wa Iddi. Mkaguzi husoma ripoti yake. Kisha wanachama hupiga kura kuamua kama watawaondolea viongozi wao dhima ya mwaka uliopita, na katika kura hiyo wanahalmashauri hawana sauti. Lile ambalo Lewin na wenzake walilifanya kwa majaribio, la kumtoa kiongozi chumbani ili kazi yake ionekane, mkutano huu hulifanya kila mwaka kwa makusudi.

Asidhani mtu kwamba Waswidi walizaliwa na utaratibu huu damuni. Hakuna sheria mahususi ya bunge lao inayoviamuru vyama vya hiari namna ya kuendeshwa. Ni ada iliyokomazwa na wakulima na vibarua katika vyama vya wafanyakazi, vya kupiga vita ulevi na vya dini, na katika vyuo vya wananchi, ambavyo vya kwanza vilifunguliwa mwaka 1868 na ambavyo Tanzania ilivichukulia mfano ilipoanzisha Vyuo vyake vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975. Hata haki ya mfanyakazi, kupitia chama chake, kushauriwa kabla mwajiri hajafanya mabadiliko makubwa, ilipiganiwa ndipo ikaandikwa, na sheria yake ilianza kutumika Januari 1977, mwaka uleule treni ya chini ya ardhi ilipofika Akalla.

Wala mambo haya si mageni kwetu. Kijumbe wa upatu huaminiwa kwa sababu kila mama aliyemo anaijua zamu yake na ya mwenziwe, na hesabu imo vichwani mwa wote. Hata hivyo twajua pia kwamba maneno mema peke yake hayatoshi. Mwaka 1971 TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara, kilitoa Mwongozo wake, na fungu la 15 likamkataza kiongozi kibri, ubadhirifu, dharau na udhalimu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliyashika maneno yale kwa moyo wote, hata wakawafungia nje baadhi ya mameneja wao. Mabaraza ya wafanyakazi yaliyoundwa kwa waraka wa Rais wa mwaka 1970 yalikuwa ya kushauri tu, hayakuwa na uwezo wa kumwajibisha meneja, na kwa hiyo malalamiko yalitoka barazani yakaishia langoni, na migomo ikazimwa. Kanuni ya mwenendo isiyokuwa na mahali pa kuulizia huzaa ugomvi.

Ughaibuni jambo hili lina uchungu wake, kwani mwanzilishi wa chama mara nyingi si dhalimu. Ndiye aliyetangulia kufika, ndiye ajuaye Kiswidi cha ofisini, ndiye aandikaye maombi ya ruzuku usiku baada ya zamu, ndiye mwenye funguo za ukumbi na idhini ya benki. Na kwa kuwa hutenda yote kwa moyo mkunjufu, wenzake humwachia yote, hata wema wake ukazaa utegemezi, na siku akiugua au akihamia Göteborg hakuna ajuaye hata jalada limewekwa wapi. Wanachama nao wana sehemu yao ya lawama: karamuni hufurika, kwenye mkutano wa hesabu huonekana wachache, na anayeuliza zilipo risiti huambiwa amemvunjia mzee heshima. Sivyo. Kumwuliza hesabu mtu uliyemkabidhi amana ni kumkinga na fitina, maana aliyeondolewa dhima hadharani hawezi kusingiziwa tena uchochoroni.

Twaviomba basi vyama vyetu mambo manne: kila mwenye wadhifa awe na naibu aijuaye kazi, na si jina tu, mkaguzi asiwe jamaa wa mtunza hazina, muhula wa mwenyekiti uwekewe ukomo katika katiba, na kamati ya kutafuta viongozi wapya ichaguliwe na mkutano, si na halmashauri inayotaka kurithiwa na rafiki zake. Makala za toleo hili zitaeleza nadharia kwa mapana yake, na msomaji atakayezipima kwa insafu atapata humo elimu maridhawa. Lakini mwenyekiti anayesoma maneno haya asingoje kuzimaliza: katika kikao kijacho cha halmashauri na amkabidhi mwenzake jalada la risiti, akae ubavuni pake, amfundishe.

Mhariri
Akalla, Stockholm